Saa yako moja ni shilingi ngapi?

Barua sita tulizozichagua safari hii zinatoka Dar es Salaam (mbili), Dodoma, Arusha, Mombasa na Houston, na zote zinazunguka swali moja. Majibu yetu yanatofautiana kwa sababu mtu anaweza kuwa na saa mbili za malipo: saa ya mkataba, anayoitumia kumdai mwajiri, na saa ya mfukoni, anayoitumia kuamua kama kazi inamlipa. Wengi wa waliotuandikia wamezichanganya.

Mimi ni mhasibu msaidizi katika kampuni binafsi Posta, Dar es Salaam. Mshahara ghafi ni sh. 16,800,000 kwa mwaka, yaani 1,400,000 kwa mwezi, na wote ni mshahara wa msingi. Jumatatu hadi Ijumaa naingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni, na mchana tuna saa moja ya kula. Jumamosi natoka saa 7 mchana. Siku tatu za wiki nabaki hadi saa 12 na nusu jioni bila kulipwa. Naishi Chamazi, barabarani natumia saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Wakishakata NSSF, kodi na Bodi ya Mikopo (mkopo wa chuo) nabaki na 844,000. Sasa nimepata kazi kiwandani hukuhuku Chamazi, dakika 15 kwa miguu, kwa 1,150,000. Mwenzangu mmoja anasema saa yangu ni sh. 5,833, mwingine anasema 7,778. Nani yuko sahihi, na je, nihame?

Wote wawili wamekosea. Wa kwanza amezidisha saa 8 kwa siku 30 akapata 240, akagawa. Amekuhesabia hadi Jumapili unazolala nyumbani. Wa pili amechukua saa 45 mara wiki 4, akapata 180. Yeye amesahau kwamba wiki nne mara miezi 12 ni wiki 48 tu, na mwaka una 52. Ukigawa 52 kwa 12 unapata 4.333, na hiyo ndiyo namba iliyomo kwenye jedwali la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004: mshahara wa msingi wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki.

Saa zako za wiki ni 8 mara siku 5, jumlisha 5 za Jumamosi, jumla 45, ambazo ndizo kikomo cha kisheria. Saa ya chakula haimo, kwa kuwa mwajiri halazimiki kuilipia isipokuwa kama anakutaka uendelee na kazi au ukae tayari kwa kazi wakati unakula. Kwa hiyo:

4.333 × 45 = saa 194.985 kwa mwezi
1,400,000 ÷ 194.985 = sh. 7,180

Hiyo ndiyo saa yako ya mkataba. Ovataimu hulipwa mara moja na nusu, sh. 10,770. Ukifanya kazi siku yako ya mapumziko ya wiki au sikukuu hulipwa mara mbili, sh. 14,360. Angalia 240 ya yule bwana wa kwanza inavyokula: ovataimu ingekuwa 8,750, pungufu ya sh. 2,020 kila saa. Baadhi ya ofisi hugawa hivyo kwa mazoea, na mfanyakazi hagundui kwa kuwa kwenye hati ya mshahara huandikwa jumla tu, bila idadi ya saa. Omba idadi ya saa iandikwe.

Saa zako za jioni ni moja na nusu mara siku tatu, yaani 4.5 kwa wiki. Kwa wiki 46 ambazo kweli uko kazini ni saa 207, na kwa 10,770 ni sh. 2,229,390 kwa mwaka. Kabla hujazidai hakikisha mambo mawili. Kwanza, ovataimu ni makubaliano, kwa hiyo pawe na ushahidi kwamba uliagizwa kubaki au kwamba bosi alijua na akaipokea kazi. Ujumbe wa WhatsApp wa "nikute ripoti mezani kesho" unasaidia. Pili, masharti ya saa za kazi hayamhusu anayesimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mhasibu msaidizi kwa kawaida hayumo humo.

Sasa mfukoni. Hapa tunaacha ghafi na tunaacha mkataba.

Anza na fedha. NSSF ni asilimia 10, sh. 140,000, nayo hutolewa kabla ya kodi. Inabaki 1,260,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya Tanzania Bara, milioni ya kwanza ina kodi ya 128,000 na kinachozidi hutozwa asilimia 30: 260,000 inazaa 78,000. Kodi yote ni 206,000. Unabaki na 1,054,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 210,000, ndipo unapofika kwenye 844,000 yako. Hesabu yako ni sahihi, ila sisi hatuitoi Bodi ya Mikopo kwenye kipimo hiki. Ni deni la fedha uliyokwisha kula, na litakufuata kazi yoyote utakayokwenda. NSSF tunaitoa kwa sababu huwezi kuilia chakula leo, lakini iandike pembeni: ni akiba yako, na mwajiri anaongeza 140,000 nyingine juu yake.

1,054,000 mara 12 ni 12,648,000. Toa gharama ambazo usingekuwa nazo kama hungekuwa na kazi hiyo. Hujataja nauli, tuweke 2,400 kwa siku. Chakula cha mchana usikitoe chote, maana hata nyumbani ungekula. Toa tofauti tu. Sahani ya mama lishe ikiwa 3,500 na nyumbani ingekugharimu 1,500, toa 2,000. Nguo na viatu vya ofisini tuseme 300,000 kwa mwaka.

Siku za kazi: wiki 52 toa 4 za likizo (siku 28 za sheria ni mfululizo, Jumapili zikiwemo, ndiyo maana ni wiki nne kamili) zinabaki 48. Mara siku 6 ni 288. Toa sikukuu. Tunazo kama 17 kwa mwaka, ila nyingine huangukia Jumapili na nyingine humezwa na likizo yako. Kwa hesabu hii tumechukua 12, zote za katikati ya wiki. Siku 276, kati yake 228 ni za kutwa na 48 ni Jumamosi.

Nauli 662,400, chakula 456,000, nguo 300,000: jumla 1,418,400. Kilichobaki ni sh. 11,229,600.

Halafu saa. Za mkataba ni 48 × 45 = 2,160, toa 96 za sikukuu, 2,064. Ongeza 207 za jioni. Ongeza 828 za barabarani. Jumla 3,099. Wapo wanaoongeza na saa ya chakula. Sisi huiongeza pale tu mtu anapolia chakula mezani huku akijibu simu.

11,229,600 ÷ 3,099 = sh. 3,624

Ni kama nusu ya 7,180. Sasa pitisha kazi ya Chamazi kwenye njia hiyohiyo. NSSF 115,000, kodi 138,500, mkononi 896,500, kwa mwaka 10,758,000. Hakuna nauli, mchana unakula nyumbani, nguo tuache 300,000: inabaki 10,458,000. Saa 2,064 na 138 za kutembea, jumla 2,202. Saa moja ni sh. 4,749. Hata kule kiwandani wakikubakisha jioni vilevile kama hapa, bado ni 4,341.

Kwa maneno mengine, mshahara ghafi unashuka kwa 250,000 kwa mwezi, lakini unachoshika kinashuka kwa 64,300 tu, na unarudishiwa saa 690 za barabarani kwa mwaka. Kinachopungua kwa siri ni vitu viwili: mchango wa NSSF, wako na wa mwajiri, unashuka kwa 50,000 kila mwezi, na marejesho ya mkopo yanashuka hadi 172,500 kwa hiyo deni litachukua muda mrefu zaidi. Pia ovataimu ya kiwandani itaanzia saa ya mkataba ya 5,898, si 7,180. Kwa maoni yetu, hama, mradi umeuona mkataba na saa zake zimeandikwa. "Saa zitategemea kazi" si saa.

Tahadhari moja kuhusu vipimo. Muda wa safari usiukadirie kichwani. Andika saa unayofunga mlango na saa unayoufungua, kwa wiki nne, ili mwisho wa mwezi uwemo. Kwa mhasibu wiki ya kufunga hesabu si sawa na wiki ya katikati ya mwezi.

Mwajiri wangu (Dodoma) ananipa posho ya nyumba na posho ya nauli juu ya mshahara. Zinaingia kwenye hesabu ya saa?

Kwenye saa ya mfukoni, ndiyo, baada ya kodi kama zinakatwa kodi. Kwenye saa ya mkataba, hapana: sheria inasema mshahara wa msingi, na posho hazimo. Ndiyo sababu kifurushi cha 900,000 chenye msingi wa 500,000 ni dhaifu kuliko msingi mtupu wa 850,000 kwa mtu mwenye ovataimu nyingi. Wakikuuliza kwenye usaili unataka ngapi, taja msingi.

Shikamooni. Mimi ni mlinzi Arusha, zamu ni saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki. Mshahara 390,000. Supavaiza anasema saa yangu ni 2,000 na kwamba iko juu. Ni kweli?

Marahaba, ndugu. Namba ni sahihi, ila si unayolipwa. 390,000 ukigawa kwa 194.985 unapata sh. 2,000, lakini hiyo ni bei ya saa 45 kwa wiki. Wewe unafanya 72. Gawa 390,000 kwa 4.333 × 72 na utaona sh. 1,250.

Sheria inataka hivi. Saa 27 zinazozidi 45 ni ovataimu, kila moja 3,000. Kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi huongezwa asilimia 5, na kama saa hiyo ni ya ovataimu, asilimia 5 hupigwa juu ya kiwango cha ovataimu: 3,150. Usiku wako mmoja una saa 9 za kawaida (saba kati yake za usiku) na 3 za ovataimu. Baada ya usiku tano saa 45 zimeisha, kwa hiyo usiku wa sita wote ni ovataimu. Kwa wiki:

Saa 35 za kawaida za usiku × 100 = 3,500
Saa 25 za ovataimu ya usiku × 3,150 = 78,750
Saa 2 za ovataimu kabla ya saa 2 usiku × 3,000 = 6,000

Jumla 88,250 kwa wiki, na mara 4.333 ni sh. 382,387 kwa mwezi. Ni karibu mshahara mwingine mzima. Tumechukulia kwamba hupewi saa ya mapumziko ya kuondoka lindoni. Kama unapewa, toa saa hiyo na jumla itashuka.

Watakuambia mmekubaliana zamu za saa 12. Makubaliano ya aina hiyo yapo kisheria, kwa maandishi, lakini hayaruhusu zaidi ya siku tano kwa wiki, na bado saa za kawaida ni 45 na ovataimu isizidi 10. Sita hazimo. Tena ovataimu kwa ujumla haipaswi kuvuka saa 50 katika wiki nne, na zako ni 108. Kinachowaangusha walinzi wengi ni daftari la lindo kubaki kwa mwajiri. Piga picha ukurasa wako kila unapotia sahihi. Anzia kwa Afisa Kazi, au peleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa madai yasiyo ya kuachishwa kazi muda ni siku 60 tangu mgogoro ulipozuka, kwa hiyo usikae ukingoja mwaka uishe.

Mimi niko Mombasa, duka la vifaa vya ujenzi, basic ni 36,000. Mkubwa anagawa kwa 30 halafu kwa 12 akitulipa ovataimu. Nimeona gazetini mnasema 4.333. Nitumie hiyo?

Hiyo ni ya Tanzania. Kenya ina namba yake: Amri ya Jumla ya Mishahara inasema saa moja isihesabiwe chini ya sehemu moja ya 225 ya mshahara wa msingi wa mwezi. 225 imetoka kwenye saa 52 kwa wiki, mara 52, gawa kwa 12. Kwako ni bob 160; ovataimu ya siku za kawaida 240, siku ya mapumziko au sikukuu 320. Mkubwa wako anapata 100, na ovataimu 150, kwa maana amegawa kwa 360.

Kumbuka 225 ni sakafu. Mkataba wako ukiwa wa saa 45 kwa wiki, saa ya kweli ni 36,000 gawa kwa 195, yaani kama bob 185. Na baadhi ya sekta, kama hoteli na ulinzi, zina amri zao. Hakikisha kwanza kama duka la vifaa linaangukia hii ya jumla au lina amri yake.

Nipo Houston, Texas, ghalani, nalipwa dola 25 kwa saa. Kila wiki nafanya saa 48. Wanataka kunipa usupavaiza kwa 60,000 kwa mwaka bila ovataimu, na siku 15 za likizo ya kulipwa na sikukuu 8 za kulipwa. Sasa hivi sina likizo ya kulipwa. Wameniambia ni sawa na 28.85 kwa saa, yaani nimeongezewa. Nikubali?

28.85 imepatikana kwa kugawa 60,000 kwa 2,080, yaani saa 40 mara wiki 52. (Serikali kuu ya Marekani hutumia 2,087 kwa watumishi wake, kwa sababu mwaka si wiki 52 kamili. Kwako tofauti ni senti chache.) Tatizo ni kwamba wewe si mtu wa saa 40, na supavaiza wa ghala kwa kawaida haondoki kabla ya watu wake.

Leo wiki yako ni 40 × 25 = 1,000, na 8 × 37.50 = 300. Dola 1,300. Ukifanya kazi wiki zote 52 ni 67,600. Lakini hiyo ni kujidanganya kwa upande wa pili, maana hutapumzika hata siku moja. Kulinganisha sawa kwa sawa, tuseme unapumzika siku 23 zilezile bila malipo. Siku 23 ni wiki 4.6, zinabaki 47.4.

Kwa saa: 47.4 × 1,300 = dola 61,620
Kwa mshahara: dola 60,000

Saa ulizotumia ni zilezile 2,275. Sasa unapata 27.08 kwa saa, na wao wanakupa 26.37. Hujaongezewa. Chini ya kama 62,000 unapoteza, na kila saa inayozidi 48 inakushusha zaidi, kwani ya ziada hailipwi. Kinachoweza kuigeuza hesabu ni bima ya afya na mchango wa mwajiri kwenye 401(k), yaani akiba yako ya kustaafu. Uliza mwajiri analipa dola ngapi kwa mwezi kwa kila kimoja, zidisha kwa 12, jumlisha.

Jambo jingine, ndugu. Kuitwa supavaiza na kulipwa kwa mwaka hakufuti haki ya ovataimu peke yake. Kwa sheria ya shirikisho mshahara lazima ufike angalau dola 684 kwa wiki, na majukumu yenyewe yawe ya uongozi. Kama bado utashinda unabeba maboksi na huna sauti ya maana kwenye kuajiri au kufukuza, dai lao la kutokukulipa ovataimu linaweza kuvunjika. Omba majukumu kwa maandishi kabla ya kutia sahihi.

Naacha kazi ya 1,400,000 kwa mwezi nianze kuchora nembo na mabango kwa kujitegemea, Dar. Nimegawa nikapata 7,180 kwa saa. Nikiwatoza wateja 8,000 si nitakuwa nimepanda?

Utafunga kabla ya mwaka. 7,180 ilikuwa bei ya saa ambayo mtu mwingine alilipa umeme, kompyuta, na muda wa kusubiri kazi. Jenga upya: 16,800,000 unazotaka, ongeza 1,680,000 za NSSF ambazo mwajiri alikuwa anakuwekea, ongeza gharama za mwaka. Bando, umeme, programu na kutenga fedha za kompyuta nyingine tuziweke 3,600,000. Jumla 22,080,000.

Kisha saa zinazolipwa. Kutafuta wateja, kuandika makadirio, kufuatilia malipo, hakuna anayekulipia. Ukipata saa 25 za kutoza kwa wiki, kwa wiki 48, ni 1,200, na huo ni mwaka mzuri. 22,080,000 gawa kwa 1,200 ni sh. 18,400. Kodi ya mapato bado ni juu yako, kama ilivyokuwa ulipoajiriwa.

Mteja ukimtajia 18,400 kwa saa atashtuka, kwa hiyo mpe bei ya kazi nzima. Nembo ya saa 10 ni 184,000, na kwenye makadirio andika marudio mawili ya marekebisho, la tatu linalipiwa. Usipoiandika hiyo, saa 10 zitakuwa 16, na bei yako itashuka hadi 11,500 bila wewe kumpunguzia mtu yeyote.